Bila Picha, Nani Atakuamini?



Leo naomba mniruhusu niyaweke kando kidogo mambo tuliyozoea kuyatafakari katika ukurasa huu, ili niwaeleze jambo lililonitokea Jumatatu iliyopita, siku ambayo sisi mapadre wa parokia aghalabu huitumia kupumzika baada ya shughuli za Dominika. Walio karibu nami wanajua kwamba pumziko langu ni darubini, daftari na kamera. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikitoka na kikundi kidogo cha marafiki, miongoni mwao walimu wawili, muuguzi mmoja na vijana wachache, kwenda kuwatazama ndege kandokando ya Bwawa la Mindu na katika vilima vya chini vya milima ya Uluguru, hapa Morogoro. Hakuna kati yetu aliyesomea elimu ya ndege. Tunachokijua tumekipata kwa kutembea, kwa kuulizana, na kwa kufungua kitabu mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Jumatatu hiyo tulikuwa upande wa bwawa ulio karibu na barabara ya Iringa. Saa nne asubuhi ilikuwa imepita, jua limeanza kuwa kali, na hewa ya moto imeanza kupanda kutoka ardhini. Wenzangu walikuwa wameinama wakimtafuta mdiria mmoja aliyejificha katika matete. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya jiwe nikinywa maji, kamera ikiwa ndani ya mkoba. Nilipoinua macho niliona ndege mkubwa akizunguka juu sana bila kupiga bawa. Dhana yangu ya kwanza ilikuwa kongoti, kwa kuwa naye hupenda kupanda na hewa ya moto. Lakini miguu ya kongoti huonekana ikijitokeza nyuma ya mkia, na ndege huyu hakuwa na dalili hiyo. Mkia wake ulikuwa mfupi, mabawa yake mapana, na chini ya bawa sehemu ya mbele ilikuwa nyeupe, ikitofautiana wazi na manyoya meusi ya nyuma. Alipogeuka, niliona weupe mgongoni. Alikuwa tumbusi mgongo-mweupe, mtu mzima, peke yake. Nilimtazama kwa muda usiozidi dakika mbili, kisha akateleza kuelekea magharibi, upande wa Mikumi, na kupotea.

Nikatoa daftari, nikaandika. Wenzangu walipokuja nikawasimulia. Ndipo kijana mmoja wa kikundi chetu, mpole na mwerevu, ambaye kamera yake ni nzuri kuliko yangu mara kumi, akaniuliza huku akitabasamu: "Baba Paroko, bila picha nani atakuamini?"

Wote walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini swali lile limekaa nami juma zima, kwa sababu naona kwamba limebeba fikra ambayo imeenea sana siku hizi, na ambayo, kwa maoni yangu, inaanza kuuharibu mchezo wetu huu mzuri. Fikra yenyewe ni hii: kwamba ndege aliyeonekana ni yule tu aliyepigwa picha, na kwamba kazi ya mtazamaji ni kurudi nyumbani na picha. Leo nataka kuipinga fikra hiyo, nikieleza sababu zangu.

Nisieleweke vibaya. Mimi si adui wa picha. Picha imewasaidia wapenzi wa ndege kwa namna ambayo wazee wa fani hii hawakuiota. Zamani, mtu aliyetaka kuthibitisha kwamba amemwona ndege wa ajabu ilimbidi amwue na kuitunza ngozi yake. Leo anabonyeza kitufe, na ndege anaendelea na maisha yake. Wapo pia ndege wadogo wa rangi ya udongo ambao hata kwa darubini siwezi kuwatofautisha. Ninapofika nyumbani na kuikuza picha, naweza kuhesabu mistari ya bawa na kupima urefu wa mdomo kwa utulivu. Na ndege anapokuwa mgeni kabisa katika eneo, watunzaji wa kumbukumbu wana haki ya kudai ushahidi. Haya yote nayakubali. Ninachokikataa ni kuifanya picha kuwa bwana, na ndege kuwa mtumishi wake.

Sababu yangu ya kwanza naitoa kwa aibu, kwa maana inanihusu mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita, katika ukingo huo huo wa Mindu, wakati maji yalipokuwa yamepungua, nilimkuta kitwitwi mwenye mikanda miwili myeusi kifuani akiwa amelalia mayai mawili juu ya changarawe tupu. Ndege huyu hajengi kiota cha majani. Hutegemea rangi ya mayai yake, ambayo hufanana na mawe kiasi kwamba unaweza kuyakanyaga. Nilitaka picha ya mayai, kisha picha ya mama akirudi kuyalalia. Nilikaa mita chache kutoka pale kwa takriban nusu saa. Kitwitwi alikuwa akikimbia huku na huku, akilia, akijifanya ameumia bawa ili anivute nimfuate. Mimi, badala ya kuielewa lugha hiyo iliyo wazi, niliipiga picha pia. Ilikuwa saa sita mchana. Ndege anayetaga juu ya mawe hulazimika kuyakinga mayai yake na jua, si kuyapasha joto tu. Hatimaye nilipoondoka na kufika kama hatua hamsini, kunguru mwenye kifua cheupe, ambaye bila shaka alikuwa akinitazama wakati wote, alishuka pale pale nilipokuwa nimeketi. Niliporudi mbio hapakuwa na yai hata moja.

Picha zile ninazo hadi leo. Ni kali, zimetulia, na waliowahi kuziona walizisifu. Sijawahi kumwonesha mtu yeyote ile ya mwisho ya kitwitwi akiburuta bawa, kwa sababu kila ninapoitazama najua ni nani aliyesababisha aburute. Tangu siku hiyo nimejiwekea kanuni moja: ndege akibadili mwenendo wake kwa ajili yangu, mimi ndiye niliyekaribia mno, na mimi ndiye napaswa kurudi nyuma.

Madhara ya namna hii hayaishii kwenye viota. Katika misitu ya milima yetu yupo tiva wa Uluguru, ndege asiyepatikana popote pengine duniani. Hukaa juu kwenye vilele vya miti mirefu, na aghalabu husikika kabla ya kuonekana. Kwa mpiga picha mwenye haraka, njia fupi ni kucheza sauti yake iliyorekodiwa kwenye simu. Ndege huidhania kuwa ni sauti ya mpinzani aliyevamia makazi yake, naye hushuka kupigana na adui asiyekuwepo, akiacha kula, akimwacha mwenzake na makinda. Mtu mmoja akifanya hivyo mara moja, pengine madhara ni madogo. Lakini wanapokuja watu kumi katika msimu mmoja, kila mmoja na simu yake, kwa ndege ambaye dunia nzima ina milima hii tu ya kumhifadhi, hapo hatuwezi kusema kwamba tunampenda.

Sababu ya pili ni kwamba picha huchagua, na uchaguzi wake si wa haki. Tazameni kamera ya yeyote kati yetu baada ya asubuhi moja. Mtakuta picha arobaini za mdiria, kwa sababu ni mzuri; ishirini za furukombe, kwa sababu anapendeza akiwa ameshika samaki; na hakuna hata moja ya yangeyange, ya njiwa wala ya kunguru. Atakayetaka kujua ndege wa Mindu kwa kutazama picha zetu atadhani kwamba bwawa lile limejaa wadiria.

Na hapo ndipo penye hasara kubwa, kwa maana tunaowadharau kwa sababu ya wingi wao ndio ambao historia yao hupotea kwanza. Chukueni mfano wa tumbusi wenyewe. Walio wazee kunizidi wanakumbuka kwamba kila palipokufa ng'ombe, tumbusi walikuwepo; hakuna aliyewaona kuwa wa thamani, wala aliyefikiri kuwapiga picha. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti kuhusu aina 8 za tumbusi wa Afrika, ukaonesha kwamba 7 kati yake zilikuwa zimepungua kwa asilimia 80 au zaidi katika kipindi cha vizazi vitatu. Mwaka huo huo tumbusi mgongo-mweupe, yule aliyekuwa wa kawaida kuliko wote barani, aliingizwa katika kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Visababishi vinajulikana: mizoga inayotiwa sumu na wafugaji waliokusudia kuua simba au fisi, mizoga ya tembo inayotiwa sumu na majangili ili tumbusi wakizunguka angani wasiwafichue kwa askari wa wanyamapori, na viungo vya tumbusi kuuzwa kwa imani za kishirikina. Lakini je, wataalamu walijuaje kwamba wamepungua? Walijua kwa sababu miongo kadhaa iliyopita walikuwepo watu waliopita barabarani wakihesabu tumbusi na kuandika idadi kwenye daftari, katika siku ambazo kuhesabu tumbusi kulionekana kuwa kazi ya mtu asiye na kazi.

Mfano wa kinyume ni kunguru mwenye shingo ya kijivu, ambaye tumezoea kumwita kunguru wa Zanzibar ingawa asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, akitarajiwa kusaidia kusafisha taka za mji. Akazaliana, akavuka hadi bara, akaenea pwani yote, akila mayai na makinda ya ndege wengine, hadi mwaka 2024 nchi jirani ya Kenya ikatangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru hao wapatao milioni moja. Kuenea kwake kunafuatiliwa kwa kumbukumbu za watu wa kawaida walioandika: leo nimemwona hapa kwa mara ya kwanza. Hakuna atakayetundika ukutani picha ya kunguru akila takataka. Lakini tarehe hiyo moja, ikiandikwa na mkazi makini wa mji wa bara, yaweza kuwa na faida kuliko picha mia za mdiria.

Vilevile, ndugu zangu, kamera haiwezi kumpiga picha ndege asiyekuwepo. Daftari laweza kumwandika. Mtu anayetembea njia ile ile kila mwezi, akaandika kwamba mbayuwayu wa Ulaya mwaka huu hawajafika kufikia tarehe ambayo mwaka jana walikuwa wamekwisha kufika, amerekodi jambo kubwa bila kuona chochote.

Sababu ya tatu inaligusa swali la kijana wetu moja kwa moja. Aliuliza: nani atakuamini? Alidhani kwamba ushahidi unaoshikika humaliza ubishi. Historia ya fani hii inatufundisha vingine, nami nitawasimulia kisa ambacho kinaigusa Afrika ya Mashariki.

Alikuwepo ofisa mmoja wa jeshi la Uingereza aliyeitwa Richard Meinertzhagen. Watu wa Kenya wanalikumbuka jina lake kwa uchungu, kwa kuwa ndiye aliyemwua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, mwaka 1905, walipokutana kwa kile kilichoitwa mazungumzo ya amani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa ofisa wa upelelezi katika mapigano ya huku kwetu. Kwa wapenzi wa ndege alikuwa bingwa mwenye heshima kubwa, aliyekusanya ngozi za ndege zipatazo 20,000 na kuzikabidhi kwa makumbusho ya London. Kila ngozi ilikuwa na kibandiko chenye tarehe na mahali. Ni ushahidi gani unaoweza kuwa bora kuliko huo? Hiyo haikuwa picha, bali ndege mwenyewe. Lakini katika miaka ya 1990, muda mrefu baada ya kifo chake cha mwaka 1967, watafiti walizichunguza ngozi zile na kugundua kwamba nyingi zilikuwa zimeibwa kutoka katika mikusanyo ya watu wengine, na kubandikwa habari za uongo.

Mojawapo ilikuwa ya bundi mdogo wa msituni nchini India, ambaye Meinertzhagen alidai kumpata mwaka 1914. Mtafiti Pamela Rasmussen alithibitisha kwamba ngozi hiyo ilikuwa ya mkusanyaji mwingine wa karne ya 19. Alipoyaondoa maelezo hayo ya uongo, akabaki na kumbukumbu chache za kweli, akazifuata pamoja na wenzake, na mwezi Novemba 1997 wakamkuta bundi yule akiwa hai, ingawa hakuwa ameonekana kwa hakika tangu mwaka 1884. Neno la uongo juu ya kibandiko kimoja lilikuwa limewapotosha watu wengi wakamtafute mahali asipokuwepo.

Hivyo basi, ushahidi hauwezi kuwa mwaminifu kuliko mtu anayeutoa. Ikiwa hali ilikuwa hivyo kwa ngozi iliyoshikika mkononi, itakuwaje kwa picha, katika siku hizi ambapo akili mnemba yaweza kumtengeneza tumbusi juu ya Mindu kwa sekunde chache, na mtu yeyote aweza kusema kwamba picha ya Mikumi ameipiga Morogoro? Mtu anayeaminika ni yule ambaye kwa miaka mingi ameandika "sina hakika" kila alipokosa hakika. Mimi nikiandika kwamba nimemwona tumbusi, wenzangu wanayo haki ya kulifungua daftari langu na kuona ni mara ngapi nimeandika "ndege mdogo wa kahawia, sikumtambua." Nimeandika hivyo mara nyingi sana. Kurasa hizo ndizo zinazotetea ukurasa wa tumbusi.

Huenda mtu akauliza: je, daftari la mtu asiye mtaalamu lina faida gani hasa? Faida ipo, na inajulikana. Hapa Tanzania, mradi wa ramani ya ndege ulioanza katika miaka ya 1980 umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya kumbukumbu za watu waliojitolea. Huko Nairobi, mwaka 1971, Bi Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, na kutoka katika matembezi hayo ya kawaida wamepatikana watazamaji wengi walioilea fani hii nchini Kenya. Yupo mnana anayepatikana katika eneo la Kilifi pekee, aitwaye kwa jina la Clarke, aliyetambulishwa kwa wataalamu mwaka 1913. Kwa muda wa miaka mia moja hakuna mtaalamu aliyejua anazaa wapi. Mwaka 2013 viota vyake vilipatikana katika bwawa la msimu huko Dakatcha, na waliovipata ni wakazi wa eneo hilo wanaoutunza msitu wao, wakiwa pamoja na Bi Ng'weno. Kilichohitajika ni watu waliorudi mahali pale pale tena na tena.

Kwa hiyo, kwa kikundi chetu na kwa yeyote anayetaka kuanza, napendekeza mambo machache. Andika kwanza, piga picha baadaye: tarehe, saa, mahali, aina, idadi, na alichokuwa akifanya. Hesabu wote, hata kunguru na njiwa. Usikikaribie kiota, wala usitangaze kilipo. Usimwite ndege kwa sauti iliyorekodiwa, hasa wakati wa kuzaa na hasa akiwa adimu. Omba ruhusa kabla ya kupita katika shamba la mtu, na ufuate taratibu za hifadhi ya msitu. Programu ya simu ikikuambia jina la ndege kwa kusikia sauti yake, ichukulie kama ushauri wa rafiki, kisha umtafute ndege mwenyewe. Na usione haya kuandika kwamba hujui. Mwisho, usiliache daftari lifie kabatini. Peleka orodha zako kwa wanaotunza kumbukumbu hizi, ambao siku hizi wanapatikana kwa intaneti.

Mtakatifu Fransisko wa Assisi husimuliwa kwamba aliwahubiria ndege. Mimi ambaye nahubiri kila Dominika nimeona ni vema Jumatatu ninyamaze na kuwasikiliza.

Kuhusu tumbusi wangu, nimempeleka kwa watunza kumbukumbu nikieleza alama nilizoziona, muda niliomtazama, na kwamba sikupata picha. Huenda wakamkubali, huenda wakamweka kando, na wana haki hiyo. Nimemwomba yule kijana Jumatatu ijayo aiache kamera kwenye mkoba kwa saa moja ya kwanza, awahesabu yangeyange wote wa upande wa mashariki wa bwawa. Alinitazama kama mtu aliyepewa kitubio kizito, lakini amekubali. Anayependa kuungana nasi atukute barabarani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akiwa na daftari na kalamu. Darubini tutaazimana.

Nawatakia juma jema. Tuonane tena juma lijalo, Mungu akipenda.